Webina za bure kwa wakutubi: mwongozo kamili kwa walioko Mbeya, Iringa na Njombe

Mkutubi wa Nyanda za Juu Kusini akitaka semina ya taaluma yake, mara nyingi semina yenyewe iko Dar es Salaam, Dodoma au Bagamoyo. Kuna nauli, malazi, posho na ruhusa ya mkuu wa idara. Kimoja kikikosekana, safari imekufa. Na kwenye maktaba yenye mtumishi mmoja, ukisafiri wewe, mlango unafungwa na wasomaji wanarudi nyumbani. Kwa hali hiyo semina za mtandaoni, ambazo wengi sasa tunaziita webina, zinatufaa sisi kuliko zinavyowafaa wenzetu wa Dar. Zipo nyingi, nyingine ni nzuri sana, na hazidai senti. Shida yake ni kwamba zimepangwa kwa saa za watu wengine, kwa intaneti ya watu wengine, na mara kwa mara kwa sheria za nchi nyingine.

Mwongozo huu ni kwa mkutubi wa maktaba ya mkoa, wa chuo, na kwa mwalimu aliyekabidhiwa funguo za maktaba ya shule juu ya vipindi vyake vyote. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: webina za Marekani usizikeshee, tazama rekodi. Nguvu ya kuhudhuria moja kwa moja iweke kwenye zile za Afrika na Ulaya, ambazo zinaangukia mchana au jioni yetu.

Hatua ya 1: Anza na kaunta, ratiba ije baadaye

Ukianza kwa kufungua ratiba za webina utajisajili kwenye kumi na kuhudhuria moja, tena nusu. Weka daftari kaunta kwa wiki moja uandike kila kinachokukwamisha. Koha, programu ya kuendeshea maktaba, inagoma kutoa ripoti ya vitabu vilivyopitiliza muda. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anataka makala ya jarida, na hujui kama chuo chenu kinaipata bure au la. Jumamosi wazazi wanaleta watoto wa chekechea na huna cha kuwapa zaidi ya kiti. Kuna boksi la vitabu vya msaada limekaa kwenye kona tangu mwaka juzi na hakuna anayejua lifanyweje.

Mwisho wa wiki chagua mambo mawili. Hayo ndiyo utakayotafutia webina kwa miezi mitatu ijayo. Mengine yasubiri, hata kama yana majina ya kuvutia. Akili mnemba, kwa mfano, siku hizi imejaa kila ratiba, lakini kama katalogi yako bado iko kwenye kadi, hilo si swali lako la mwaka huu.

Hatua ya 2: Jua mlango wa kubisha

WebJunction ndiyo duka kubwa kuliko yote. Inaendeshwa na OCLC, shirika la ushirika wa maktaba lenye makao Dublin, jimbo la Ohio, na imekuwepo tangu 2003. Webina zake ni za bure kwa mtu yeyote, rekodi zinabaki, slaidi zinapakuliwa, na nyingi zina karatasi ya mazoezi inayowaongoza watumishi kujadili walichosikia. Mada zake ni za maktaba za umma hasa: huduma kwa watoto, kupunguza vitabu rafuni, kushughulika na msomaji mkorofi, kupanga mkakati. Maktaba wanayoizungumzia mara nyingi ni ya mji mdogo wa Marekani wenye watumishi wawili, na hapo utashangaa jinsi shida zao zinavyofanana na za Mafinga.

AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za maktaba barani Afrika, makao yake yako Accra. Huku ndiko utasikia mkutubi wa Ghana, Kenya au Zambia akieleza alivyofanya kwa bajeti unayoielewa. Pia wameendesha kozi za wakutubi kuhusu Wikipedia, na hilo linakwenda vizuri na kampeni ya 1Lib1Ref, inayofanyika mara mbili kwa mwaka, Januari 15 hadi Februari 5 na Mei 15 hadi Juni 5. Kila mkutubi anaombwa kuongeza angalau rejeo moja kwenye makala ya Wikipedia. Wikipedia ya Kiswahili nayo inahitaji marejeo, na makala za wilaya na kata zetu nyingi ni mistari miwili mitatu tu. Mazoezi hayo unaweza kuyafanya na wasomaji wako mchana mmoja.

Kwa maktaba za vyuo, anza na EIFL na Research4Life. EIFL, yenye ofisi Vilnius, Lithuania, inashughulika na ufikiaji huria wa machapisho, leseni na hakimiliki, na hapa nchini inafanya kazi na COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Research4Life ndiyo inayobeba programu za kusoma majarida na vitabu vya kitaaluma mtandaoni: Hinari ya afya, iliyoanza 2002, pamoja na AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinapata huduma hii bila malipo, ila taasisi lazima iwe imejisajili na mtu ndani yake awe na nywila. Kabla ya kujiandikisha kwenye mafunzo yao, uliza kwanza nani anayo nywila hiyo. Kwenye vyuo kadhaa nimekuta nywila iko kwa mtu aliyekwisha hama. Kwa chuo cha kilimo kama Uyole, au vyuo vya afya, hili peke yake linaweza kuwa faida kubwa kuliko webina kumi.

IFLA, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1927, lina webina za kamati zake mbalimbali, nzuri kwa anayetaka kujua dunia inaelekea wapi, na si nzuri sana kwa anayetaka kujua afanye nini Jumatatu. Library 2.0, inayoandaliwa pamoja na shule ya ukutubi ya Chuo Kikuu cha San José, California, hufanya makongamano mafupi ya mtandaoni bila kiingilio. Wenye maktaba za tiba watafute masomo ya PubMed kutoka Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Na kwa Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand mwaka 1999, usihangaike na webina ya saa nzima: ByWater Solutions wana video fupi fupi YouTube, kila moja na jambo lake, na mara nyingi swali lako la ripoti limeshajibiwa humo.

Wauzaji wa kanzidata na majarida nao wana webina za bure. Zihudhurie ikiwa tayari mnatumia bidhaa yao, maana wanaieleza vizuri. Kama hamna, utakaa saa nzima ukioneshwa kitu ambacho chuo hakitanunua. Na ukikuta ukurasa wa "webina ya bure" unaomba namba ya kadi ya benki, au cheti kinalipiwa kwa dola baada ya kuhudhuria, funga.

Hatua ya 3: Jisajili, hata kama hutahudhuria

Hili watu wengi hawalijui. Aliyejisajili kwa kawaida hutumiwa kiungo cha rekodi baada ya webina, hata kama hakuonekana. Kwa hiyo jisajili.

Andika jina lako kama lilivyo kwenye vyeti vyako vya shule, kwa sababu jina hilo ndilo litakaloingia kwenye cheti cha ushiriki. Tumia barua pepe unayoifungua kila siku. Ile ya ofisi ambayo nywila yake anayo mtu wa TEHAMA peke yake haitakusaidia saa mbili za usiku. Fomu za Marekani hupenda kuuliza jimbo na msimbo wa posta. Kwenye jimbo tafuta chaguo la walio nje ya Marekani, kwenye posta weka postikodi ya kata yako. Kisha angalia folda ya barua taka, maana kiungo cha kuingilia hupotelea humo mara nyingi.

Hatua ya 4: Saa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na si ajabu, kwa sababu tunabadilisha mara mbili: kwanza kutoka saa za kule kuja za Afrika Mashariki, kisha kutoka saa ya kizungu kuja saa ya Kiswahili. Mtu anaona 22:00, anaandika "saa 10", na siku ya tukio anafungua kompyuta saa kumi jioni. Andika moja kwa moja "saa 4 usiku" na neno usiku lisikosekane.

Accra: ongeza saa 3, mwaka mzima, maana Ghana haibadilishi saa. Webina ya saa 8 mchana Accra ni saa 11 jioni Mbeya.

Uholanzi na Ulaya ya kati: ongeza saa 1 kipindi chao cha kiangazi, saa 2 kipindi cha baridi. Uingereza ni saa 2 na saa 3. Vilnius wakati wa kiangazi tuko nao sawasawa, na baridi wako nyuma yetu kwa saa 1.

Marekani upande wa mashariki, zile zinazoandikwa ET: ongeza saa 7 kiangazi, saa 8 baridi. Webina ya saa 9 alasiri kwao ni saa 4 usiku kwetu, au saa 5 usiku ikifika Novemba. Pwani ya magharibi, PT, ni saa 10 na saa 11.

Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wiki zilizo katikati ya tarehe hizo ndizo za kuangalia mara mbili. Na tarehe pia inaruka: Alhamisi saa 11 jioni New York ni saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa hapa.

Njia rahisi kuliko hesabu zote ni kubonyeza kitufe cha kuongeza tukio kwenye kalenda kinachokuja na barua ya usajili. Simu itabadilisha yenyewe, mradi imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki, iwe ni kwa jina la Dar es Salaam au Nairobi.

Hatua ya 5: Bando na umeme

Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake inataka kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, skrini inayooneshwa bila picha ya msemaji 50 hadi 75, na video ya ubora wa juu kama 600. Piga hesabu ya saa nzima: video hiyo inakula takribani MB 270, lakini sauti na slaidi peke yake ni kama MB 70. Uso wa msemaji una gharama, na haukufundishi kitu.

Kwa hiyo ukishaingia, kamera yako iwe imezimwa, kisha kwenye menyu ya ziada ya Zoom tafuta sehemu ya kuzima video zinazoingia. Slaidi zitabaki. Sasisho za programu kwenye simu zizime kabla, na kundi la WhatsApp la familia liache kupakua picha zenyewe. Barua nyingi za usajili huwa na namba ya simu ya kupiga ili usikilize. Hiyo ni simu ya kimataifa, iache.

Ukitumia Wi-Fi ya ofisi kumbuka kwamba umeme ukikatika kifaa chake nacho kinazima, hata kama kompyuta mpakato yako ina chaji. Weka simu yenye bando pembeni, hotspoti ikiwa tayari. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, usiitegemee Wi-Fi peke yake; walioko Tukuyu hawana haja ya kuambiwa. Radi ikianza, chomoa chaja, endelea na betri.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani

Ingia mapema kidogo, kwa sababu programu hupenda kuomba sasisho dakika ile ile ya kuanza.

Kiingereza cha kuongea kinakwenda kasi, na lafudhi za Texas si zile tulizozisikia shuleni. Washa maandishi yanayoonekana chini ya skrini. Slaidi zikiwa zimetumwa kabla, zisome zote kwanza. Hapo utakuwa unasikiliza mifano tu, siyo kila kitu kwa mara ya kwanza.

Uliza swali. Liandike, usisubiri kupewa kipaza sauti. Sentensi ya kwanza iseme maktaba yako ni ya aina gani na ina watumishi wangapi, ya pili iwe swali lenyewe. Wasemaji wanapenda swali lenye mazingira, na swali la mkutubi aliye peke yake na vitabu elfu tatu bila intaneti ya uhakika huwa linasomwa. Salamu ndefu na historia ya taasisi ziache, zitapitwa na maswali mengine.

Andika vitu vitatu tu kwenye daftari: jambo moja la kujaribu, jina moja la chombo au fomu waliyoionesha, na swali moja lililobaki.

Hatua ya 7: Rekodi

Kwa webina za usiku wa manane hii ndiyo njia kuu. Rekodi kwa kawaida hutoka ndani ya siku chache. Ifungue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, shusha ubora wa picha hadi 144p au 240p, halafu fungua faili la slaidi pembeni. Picha ya video itakuwa na ukungu, na haijalishi, kwa sababu unasoma slaidi kwenye faili lake. Msemaji akiwa na haraka, punguza kasi ya YouTube hadi 0.75. Dakika tano za mwanzo ni shukrani na matangazo, ruka.

Cheti hukosi kwa sababu ya kutazama rekodi. WebJunction huziweka rekodi zake kwenye orodha yao ya kozi, unafungua akaunti ya bure, unatazama humo na cheti kinatoka.

Rekodi ina faida nyingine: mnaweza kuitazama pamoja. Ijumaa alasiri, wasomaji wakipungua, projekta ukutani, watumishi wote na mwalimu wa maktaba wa shule ya jirani. Isimamisheni kila baada ya dakika kumi na tano mjadili kwa Kiswahili: hiki kwetu kinawezekana? Nani ataanza? Nusu ya faida iko kwenye mjadala huo. Azimeni spika, maana mvua ikipiga bati, sauti ya kompyuta haisikiki hata kwa aliyekaa mstari wa mbele.

Hatua ya 8: Kupima ulichosikia kwa mizani ya hapa

Hii ndiyo hatua inayohitaji kichwa. Chukua mada ya kuondoa vitabu rafuni, ambayo WebJunction wameirudia mara nyingi. Wamarekani hutumia vigezo sita vinavyofupishwa MUSTIE: kitabu kinapotosha, kimechakaa, kimepitwa na toleo jipya, hakina uzito, hakiwahusu wasomaji wako, au kinapatikana kwingine kwa urahisi. Vigezo ni vizuri, lakini kimoja kimoja kinabadilika kikipanda milima ya Kitulo.

Kuchakaa: kwenye maktaba ya shule kitabu kilichochakaa mara nyingi ndicho kinachopendwa. Kibandike, kishonwe, kirudi rafuni. Kupatikana kwingine: kwa mwanafunzi wa Makete au Ludewa "kwingine" ni safari ya basi, kwa hiyo kigezo hicho ningekifuta kabisa. Kupitwa na wakati kunataka uangalifu zaidi, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 na unaingia kwa awamu. Angalia darasa gani limehamia kabla hujabeba vitabu vya zamani kwenda stoo. Kigezo cha kutowahusu wasomaji ndicho chenye kazi kubwa kwetu. Lile boksi la vitabu vya msaada, lenye mwongozo wa kodi wa nchi nyingine na matoleo ya zamani ya programu za kompyuta, litapungua kwa nusu saa moja.

Halafu kuna jambo ambalo msemaji wa Ohio hatakuambia: kitabu cha serikali ni mali ya umma. Hakitupwi wala hakigawiwi kwa sababu webina imesema. Kitoe rafuni, kiandike kwenye orodha, kisha orodha ipite kwenye utaratibu wa kufuta mali wa taasisi yako.

Hakimiliki ni hivyo hivyo. Ukisikia msemaji wa Marekani anaeleza "fair use", yaani matumizi yanayoruhusiwa kwao bila kuomba kibali, usije ukarudufu sura nzima kwa darasa zima ukidhani inakuhusu. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, chombo cha hakimiliki hapa nchini. Mada hii isikilize kwa EIFL, ambao wanaifahamu hali ya nchi zetu, na waulize kuhusu Mkataba wa Marrakesh, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020 na unawagusa wasomaji wasioona. Kuhusu siri za wasomaji, sheria ya kusoma ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lile rejesta la kaunta lenye majina, namba za simu na vitabu vilivyoazimwa, likiwa wazi kila anayepita alisome, si la kuachwa hivyo.

Hatua ya 9: Cheti na kumbukumbu

Cheti kikija kipakue siku hiyo hiyo, maana viungo vingine hufa. Kipe jina linaloanza na mwaka na mwezi, kihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe na siyo kwenye kompyuta ya ofisi tu. Usikimbilie steshenari kukichapa kwa rangi. Chapa pale kinapoombwa.

Mwajiri hatapima cheti cha saa moja kwa uzito wa stashahada, na hapaswi. Anachoweza kupima ni kazi iliyofuata. Aliye kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, aiweke kazi hiyo kama jukumu la robo mwaka, kwa maneno yanayohesabika: rafu ya sayansi imepitiwa yote, orodha ya kufuta mali imewasilishwa, watumishi wanne wameoneshwa kutoa ripoti ya Koha. Cheti kiambatanishwe hapo chini kama ushahidi. Kisha rudi kwenye daftari la kaunta, kata jambo lililokwisha, na jisajili kwa lile la pili.